Baba na Kanda Zilizosafishwa

Jumapili mchana nyumba yetu ya Kiruruma ilinuka spiriti. Kwa majirani ulisikia harufu ya ndizi na maharage. Kwetu ulikutana na spiriti ile ya kusafishia vidonda, kwa sababu baba alikuwa anasafisha kichwa cha redio kaseti. Ilikuwa redio nyeusi ya spika mbili. Aliiweka mezani, akafungua kijimlango cha kanda, akachovya pamba kwenye spiriti na kupangusa taratibu, halafu akapuliza. Betri zilikuwa zimeshinda juani tangu asubuhi, pembeni ya mkeka wa kahawa, ili zipate nguvu kidogo. Mama alipita na sufuria akasema, "Mimi mwenyewe sijawahi kupanguswa hivyo." Baba akacheka. Alikuwa mtu wa kucheka, na nalisema hili mapema kwa sababu waliomwongelea baadaye hawakulisema.

Siku nyingine zote za juma alifanya kazi Kanoni, kwenye mashine ya kukoboa kahawa ya tajiri mmoja. Ile mashine ilikuwa na kelele kiasi kwamba watu waliofanya kazi pale waliongea kwa mikono, kelele wakipigiana panapo hatari tu. Jumapili, baada ya ibada, alitaka muziki wake, na muziki wake ulikuwa wa bendi za zamani za jazi, zile za magitaa matatu na tarumbeta, waimbaji wakipokezana. Kulikuwa na kanda moja aliyoipenda kuliko zote. Humo mwanamke mmoja aliimba peke yake beti nzima, sauti nyembamba inayopanda hadi unajiuliza itashukaje, kisha wanaume watatu wakamjibu kwa chini. Baba alikuwa akifika hapo anainua kidole, na sisi tunanyamaza. Sijui alijifunza wapi kusikiliza namna ile, maana hakuwahi kushika gitaa.

Mwaka niliotimiza miaka kumi, wakati wa mavuno ya kahawa, baba alianza kulalamika kwamba yule mwanamke ameanza kufifia. Alisema kichwa cha redio ni kichafu, akakipangusa. Alisema betri zimekwisha, akabadilisha. Mwishowe akasema kanda imechakaa, ndipo tukaanza safari za kila Jumamosi jioni kwenda Kayanga, kwa Bwana Athumani. Bwana Athumani alikuwa na duka la vitenge na redio, kwao ni Tanga, na nyuma ya kaunta alikuwa na santuri ambazo alizirekodi upya kwenye kanda. Mimi nilimwamkia shikamoo, yeye akaitikia marahaba na kunipa kipande cha kashata. Halafu alimwambia baba, "Hii nimeitoa upya kwenye santuri. Nimeisafisha, haina mkwaruzo hata kidogo." Hakuwa tapeli, alikuwa anasema kweli tupu. Baba alirudi na kanda mpya ya muziki uleule, na Jumapili alinikalisha mbele ya redio, akapiga ya zamani, kisha mpya, kisha ya zamani tena. "Koku, ipi iko wazi?"

Mara ya kwanza nilijibu kama mtoto. Nilisema mkwaruzo umepungua lakini yule mama ni yuleyule. Baba akasogeza sikio hadi likagusa spika. Akaniuliza, "Anaimba sasa hivi?" Nikamwambia anaimba. Alikuwa kileleni kabisa mwa ile beti, na kwa jinsi baba alivyoongeza sauti, nadhani hata waliokuwa kisimani walimsikia. Baba akaondoa mkono kwenye redio na kuuweka gotini. Nilikuwa mdogo lakini sikuwa mjinga. Akasema kwa utulivu, "Usimwambie mama yako. Wala mtu yeyote wa pale kwenye mashine. Pale mtu asipomsikia mwenzake akipiga kelele kwamba mkanda wa mashine umekatika, hawamweki kazini."

Basi nikawa mwongo. Kila kanda aliyoleta niliambiwa nilinganishe, na kila mara nilijibu, "Hii mpya, baba, iko wazi zaidi." Yeye alifumba macho na kuinua kidole mahali pale pale alipokuwa akikiinua zamani, kwa kukumbuka tu. Na barabarani nikawa natembea upande wa magari, nimeshika shati lake, nikisikia gari nyuma yetu namvuta pembeni. Hakuna aliyenituma. Nilianza mwenyewe na yeye akaacha iwe hivyo, hatukuwahi kulizungumza. Mwanzoni nilijiona mtu mkubwa. Baadaye, niseme ukweli, nilichoka. Nilichoka kutembea kila Jumamosi, nilichoka kuulizwa ipi iko wazi wakati zote ziko wazi, na nilimkasirikia baba kwa kunifanya niseme uongo siku ya Bwana.

Jumamosi moja nilisema tumbo linaniuma. Tumbo lilikuwa zima kabisa. Wenzangu walikuwa wanaruka kamba kwa jirani nami nilitaka kwenda. Baba alinigusa paji la uso, akamwambia mama anipikie uji, akachukua baiskeli akaondoka. Njiani jirani yetu mmoja alimwomba ampelekee ndugu yake dumu la rubisi, ile pombe yetu ya ndizi, naye akalifunga nyuma ya baiskeli. Lori lilitokea nyuma yake kabla hajafika Kayanga. Dereva alisema alipiga honi mpaka akachoka, mzee akawa yuko palepale katikati ya barabara, hata kugeuka hageuki. Dumu lilipasuka. Waliomwokota baba walimkuta amelowa rubisi kuanzia shingoni hadi miguuni, na hiyo ikawatosha.

Baba alikuwa ameacha pombe siku alipomposa mama. Ndilo sharti mama alilompa, na mama ni mtu wa kwaya, Mlutheri wa damu, sharti lake si la mzaha. Kwa hiyo msibani watu walinong'ona kwa huruma, na huruma ile ilikuwa mbaya kuliko matusi. Mwenye dumu alieleza kwamba lilikuwa lake na lilikuwa limejaa. Wakasema basi alikuwa analipunguza njiani. Mama alisikia yote. Siku ya tatu alisimama mlangoni akasema, kama anayejisemea mwenyewe, "Kumbe ndiyo hizo kanda za kila Jumamosi." Akazikusanya zote kwenye beseni, akaenda kuzitumbukiza chooni, moja moja. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye ngazi ya jikoni, nimefunga mdomo. Niliona kwamba nikisema baba alikuwa hasikii, wataniuliza ni nani alikuwa anamsikilizia magari, na siku ile alikuwa wapi. Ndivyo nilivyoacha baba azikwe mlevi.

Sasa mimi ni mwalimu Kyerwa, nina watoto watatu. Mwaka huu ule muziki umetolewa upya. Wamechukua mikanda ya asili ya studio, wakaisafisha kwa mitambo yao, wakauweka mtandaoni. Shabiki mmoja naye ameweka nakala ya kaseti yake ya zamani, na mkwaruzo wake wote. Nilivaa spika za masikioni nikakaa alasiri nzima nikilinganisha. Kwenye kaseti besi imevimba, ngoma ziko mbali, na yule mwanamke ni kama anaimba chumba cha pili mlango ukiwa umerudishwa. Kwenye hii iliyosafishwa unasikia vidole vikiteleza juu ya nyuzi, unasikia wale wanaume watatu kila mmoja na mahali pake aliposimama, na kabla mwanamke hajapanda unamsikia akivuta pumzi. Ile pumzi sikuwahi kuisikia utotoni. Wamekosea kitu kimoja tu: kila chombo wamekipandisha sawa, tarumbeta inakuchoma masikio na pale pa kunyamaza hapanyamazi tena. Hata hivyo hii mpya iko wazi zaidi, na safari hii ni kweli. Nililia hadi mwanangu wa mwisho akaja kuniuliza nani amekufa.

Desemba tulikwenda Kiruruma. Kijana wangu aliupiga muziki huo kwenye spika yake uani, mama akiwa anamenya ndizi. Beti moja haikuisha. "Zima," alisema. "Hiyo ndiyo iliyompeleka babu yenu kwenye pombe." Nikawaambia watoto watoke. Nikamweleza mama kila kitu, kuanzia kidole cha baba hadi tumbo lisilouma, na sikujitetea. Hakuacha kumenya. Mwishowe akasema, "Miaka yote hii namwombea Mungu amsamehe ulevi. Kumbe nilikuwa namsingizia mtu mbele za Mungu." Nikamwomba msamaha. Akasema nilikuwa mtoto. Kisha akaongeza, "Lakini umekuwa mtu mzima siku nyingi, Koku."

Asubuhi alivaa kitenge chake cha kanisani, akachukua fimbo, akakataa nisimsindikize. Alisema anakwenda kwa waliombeba mume wake na kumzika, nyumba kwa nyumba, awaambie hakuwa amelewa. Alirudi saa tisa, viatu vimejaa vumbi, akakaa bila kuvivua. Nilimpa maji akayashika tu. Kati ya wote aliowatafuta aliwakuta wawili hai. Mmoja hamkumbuki baba kabisa, hata alipotajiwa jina na jina la baba yake. Wa pili alimkumbuka mara moja. "Ameniuliza, 'Ni yule mlevi aliyegongwa na lori?' Nikamwambia hakuwa mlevi, alikuwa hasikii. Akaniambia, 'Haya mama, yameshapita hayo,' akanikaribisha chai."

Akanywa maji kidogo, akaweka kikombe chini. Akaniuliza kama kuna mwingine yeyote ninayemkumbuka, ambaye alikuwepo siku ile na bado yu hai. Nilianza kuhesabu kwa vidole, yeye akinitazama, na sikupata hata jina moja.