Nilimzika Baba kwa Mdomo Wangu

Ipo asubuhi moja inayonirudia kila nionapo kijana amefunga mzigo wake, kama wewe ulivyofunga wako, mwanangu. Sikuwa na mpango wowote asubuhi ile. Shule nilikuwa nimeiacha darasa la tatu. Mwalimu alitufundisha majina ya mito na bahari, halafu akatukataza kutazama nje ya dirisha. Mimi nilitaka kujua barabara itokayo kwetu Magwagwa inaishia wapi. Basi niliamka, nikachukua blanketi na shati la pili, nikaenda.

Njia ilipita mbele ya nyumba ya baba. Tata, kama tunavyomwita baba kwetu, alikuwa ameugua kifua kwa miezi. Nilimsikia akikohoa. Kikohozi kikakatika, akauliza kutoka ndani, "Nani anapita?"

Sikujibu.

Unajua desturi yetu ya chinsoni, ile heshima na aibu kati ya baba na mwana. Ukishatahiriwa, huingii ovyo nyumbani mwa baba yako. Nilijificha nyuma ya desturi hiyo. Nilijiambia siwezi kuingia, basi nifanyeje? Lakini ni nani aliyenikataza kusimama uani na kuita? Wana wote hufanya hivyo: husimama nje, baba akawajibu kutoka ndani, wakaagana. Niliogopa tu angesema, "Ngoja kwanza nipone." Nikatembea kwa ncha za vidole mpaka barabarani.

Nyakoe nilipata lori lililobeba ngozi za ng'ombe, likanishusha Kisumu. Huko nilipakia magunia stesheni kwa majuma mawili, kisha gari la moshi likanifikisha Mombasa. Vita kuu vilikuwa vimekwisha na meli zilitaka watu. Niliandikwa kazi ya kutia makaa ya mawe kwenye tanuri la meli iendayo Bombay na mbele zaidi. Ingeng'oa nanga baada ya siku tatu. Siku tatu tu za kungoja, nikaanza kutafuta pa kulala.

Nilielekezwa Majengo, kwa mama mmoja mpika mahamri aitwaye Bi Rukia. Alinitazama kutoka kichwani hadi miguuni, mkono ungali na unga.

"Chumba kipo. Lakini mimi simlazi mtu nisiyemjua kwao. Watoka wapi?"

"Kisii, mama."

"Mbali huko. Na babako amekupa radhi uvuke bahari?"

Nilikuwa nimechoka na maswali. Nikamwambia, "Baba amekufa."

Neno lilitoka jepesi kabisa. Bi Rukia alikaa kitako juu ya kibao chake. "Maskini mwanangu! Na wewe umenyamaza tu." Akanipa chumba, mkeka mpya na chai. Alasiri aliwaita majirani wawili na mwalimu wa chuo cha Kurani.

"Jina lake nani marehemu?" mwalimu aliuliza.

Ningeweza kusema kweli hapo. Nikataja jina la baba: Ondieki. Wakainua mikono wakamwombea maiti, na kila walipoitikia, niliitikia nao. Sisi Abagusii hatumtamki mzima kuwa mfu hata kwa mzaha. Nilijua hivyo, na bado niliitikia.

Asubuhi ya pili alikuja kununua mahamri mtu wa Sironga, karibu na kwetu, Makori, mpishi wa nyumba moja mjini. Aliponiona alicheka kwa sauti.

"Ee, ndiwe! Hata baharini umefika, wewe mguu usiotulia?"

Bi Rukia akamkatiza. "Usimcheke, ana msiba. Amefiwa na babake."

"Babake yupi? Ondieki? Yule anayekohoa kama lori linalopanda mlima?" Kicheko kikamtoka usoni. "Mimi nimerudi kutoka likizo juzi, mama. Nimemwacha amekaa mlangoni. Kila anayesafiri anamtuma: mkimwona kijana wangu mwambieni aje nimwone." Akanigeukia. "Alisema alikusikia ukipita. Alisema anajua miguu yako."

Bi Rukia hakupiga kelele, na afadhali angepiga. Alifuta mikono polepole.

"Umetuombesha dua ya maiti kwa mtu aliye hai," alisema. "Gari la bara laondoka leo alasiri. Nenda ukamwombe msamaha. Meli ziko nyingi."

Nilifunga blanketi langu. Nilitoka, na wote wawili waliamini nakwenda stesheni. Hata mimi niliamini mpaka njia panda. Kisha nikasikia honi ya meli, nikajiambia nitarudi baada ya safari moja. Usiku wa mwisho nililala bandarini juu ya magunia.

Safari moja ilizaa nyingine, ikawa miaka minne. Nilipofika nyumbani, mama alinipokea bila kuuliza nilikokuwa. Alisema tata aliishi miezi miwili baada yangu kuondoka. Kila asubuhi aliagiza mlango uachwe wazi, hata wakati wa mvua, na kila mtu akipita aliuliza, "Nani anapita?"

Kwetu, kaburi la baba huanzwa na mwanawe wa kwanza. Ndiye apigaye jembe la kwanza. Siku ya maziko walimweka siku nzima bila kumzika, wakitazama barabara wakiningoja. Mvua iliponyesha, mdogo wangu Nyamweya akalichukua jembe lisilo lake.

"Nilikupigia jembe lako, kaka," aliniambia, akatazama pembeni. Sasa ni mzee kama mimi, na mpaka leo hajalitaja tena.

Mwanangu, sikukatazi kwenda. Mimi wa kumkataza mtu ni nani? Nenda ukaone mwisho wa barabara. Lakini ukiulizwa nani anapita, jibu. Simama uani, taja jina lako, na akikuambia ngoja, ngoja. Huko ugenini usimuue mzazi wako ili upate pa kulala. Na ujumbe wa nyumbani ukikufikia, fungua masikio kabla honi haijalia.

Mungu akufikishe uendako. Akupe mwenyeji mwenye kuuliza maswali kama Bi Rukia, na akurudishe mlango wetu ukiwa bado wazi. Sasa nenda, mama yako yuko jikoni. Muage.