Mashine Iliyojaa Vidudu vya Ziwani

Kompyuta ya kwanza niliyoigusa ilikuwa imekufa. Nilikuwa nafundisha hesabu katika sekondari moja karibu na Bunda, miaka ile ya foleni za sukari, wakati kipande cha sabuni kilikuwa zawadi ya kumpelekea mgonjwa. Mwalimu wa kujitolea kutoka ng'ambo ndiye aliyeileta. Aliitumia muhula mmoja ikazimika, mkataba wake ukaisha, akaenda zake. Mimi niliikuta stoo, juu ya madawati yaliyovunjika, pamoja na kitabu chake cha maelekezo.

"Mwalimu," mkuu wa shule aliniambia, "si mumeo anatengenezaga redio? Mpelekee hiyo. Hapa inatujazia nafasi tu."

Likizo ilipofika niliifunga kwenye khanga nikaenda nayo Musoma. Tulikuwa tunaishi mtaa wa Kitaji, nyumba moja na mama mkwe wangu, mjane aliyeishika dini yake kwa mikono miwili. Mimi ni mtoto wa wakulima wa pamba, Wakristo wa Butiama, na nilisilimu nilipoolewa. Mama alinipenda, ila jicho lake lilikuwa bado linanichunga.

Mume wangu aliweka mashine mezani barazani, akafungua skrubu, akainua kifuniko cha plastiki. Ndani hatukuona kitu ila vumbi la kijani. Tulipoinama tukakuta si vumbi. Ni wale vidudu wanaopanda kutoka ziwani kwa makundi kama moshi. Walikuwa wameingia kwenye matundu ya kupitishia hewa, wakafia humo, wakakauka wakiwa wamebanana.

Alichukua pampu ya baiskeli akapuliza. Wakaruka wote, na bodi, kile kibao kinachobeba mitambo, ikajitokeza.

Nimejaribu mara nyingi kueleza nilichoona na huwa nashindwa. Njia nyembamba za shaba, mamia kwa mamia, zilikwenda sambamba, zikapinda pamoja, zikaingia chini ya vidude vyeusi vyenye miguu kama ya jongoo, zikatokea upande wa pili bila kugusana hata moja. Mume wangu aliweka bisibisi chini.

"Redio nimefungua tangu sijaota ndevu," alisema. "Hii hata pa kuanza kuangalia sipajui."

"Tuanze kwa kuisafisha," nikasema.

Kazi hiyo ikawa yetu sisi wawili. Hakuna aliyetutuma wala aliyekuwa anaisubiri. Ilikuwa mchezo wetu wa alasiri, yeye akishamaliza redio za watu na mimi nikishamaliza kusahihisha.

Kusafisha kulitaka spiriti, na spiriti haikuwepo hospitali, sembuse madukani. Nikamwagiza mwanamke mmoja wa Kiriba aniletee chupa ya gongo. Nilikuwa nimechovya mswaki, nasugua bodi, mama mkwe alipotoka chumbani ameshika tasbihi. Akasimama, akanusa.

"Nyumba hii imeingia pombe?"

"Ni ya kuoshea mashine, mama," nikasema, mswaki mkononi.

"Mashine inakunywaga?"

Mume wangu alicheka, na hilo lilikuwa kosa. Mama aliingia ndani na hakula chakula nilichopika. Kesho yake nilimwita aje aangalie mwenyewe. Nilichovya mswaki, nikasugua sehemu iliyoota ukungu wa kijani, na shaba ikang'aa mbele ya macho yake. Aliangalia muda mrefu.

"Nani amechora hivi?" aliuliza.

"Hatumjui, mama."

"Ana mkono mtulivu," akasema. Kisha akaongeza, "Hiyo chupa ikae nje." Ikakaa nje.

Uchafu wa wale vidudu ulikuwa umekula baadhi ya njia. Tulizifuata moja moja, mimi nikisoma mchoro wa kitabuni, yeye akipima kwa mita yake kama umeme unapita. Ilipokatika tuliunga kwa unywele wa waya uliochambuliwa kutoka waya wa simu. Risasi ya kulehemu tuliiyeyusha kutoka redio zilizokufa. Ili ishike vizuri tulitumia utomvu wa misonobari ya shuleni kwangu. Umeme ukikatika, chuma cha kulehemu tulikipasha kwenye jiko la mkaa.

Baada ya kazi yote hiyo tukaiwasha, ikatoa uzi wa moshi na harufu mbaya. Chipu mbili za kumbukumbu, kati ya vile vidude vyeusi, zilikuwa zimeungua. Mume wangu aliifunika kwa kitambaa akaisukuma chini ya kitanda, na kwa muda mrefu hatukuitaja.

Halafu nchi ikaanza kufunguka. Watu walisema sasa ni ruksa, na bidhaa zikaingia kutoka mpakani Sirari: sabuni za kunukia, redio kaseti, hata televisheni za kuangalia video. Mwaka mmoja nilikwenda kwetu Butiama kumjulia hali mama yangu. Kaka yangu alikuwa amenunua samani kuukuu za mradi mmoja wa maji uliofungwa, na mlangoni pake, ikizuia mlango usijifunge kwa upepo, niliiona kompyuta ya aina ileile. Nilipiga kelele hadi kuku wakakimbia. Kaka alinipa, akatafuta jiwe la kuweka mahali pake.

Tulizichomoa chipu za ile, tukazihamishia kwenye bodi yetu tuliyoifahamu. Jumapili mchana tuliazima televisheni ya jirani mfanyabiashara iwe kioo cha mashine yetu, tukaziba dirisha kwa khanga ili kioo kionekane. Mama mkwe akaletewa kiti. Mume wangu aliwasha. Zikaja chengachenga nyeupe. Alizungusha kitufe cha stesheni polepole, polepole, mpaka chenga zikatulia, na kwenye kioo cheusi yakatokea maneno, na chini yake kialama kidogo kinachowaka na kuzimika.

Kile kialama kilikuwa kinatungoja sisi.

"Subhanallah," mama alinong'ona. "Anajua kuhesabu?"

Nilikuwa nimejifunza amri kidogo kitabuni. Niliandika mistari mitatu, nikabonyeza. Namba zikaanza kumiminika, moja, mbili, tatu, zikipanda kioo chote kwa kasi ambayo jicho halikuifuata. Mama alishusha tasbihi magotini. Namba zikapita elfu, zikaendelea.

"Atachoka saa ngapi?"

"Hachoki, mama."

Alinigeukia, uso una huruma.

"Basi mzimeni, mwanangu. Apumzike."

Tukaizima. Mume wangu alikuwa anafuta macho kwa mgongo wa mkono.

Tangu hapo watu walianza kutuletea mabaki ya mashine. Maofisi yalikuwa yanabadilisha vitu, na kilichotupwa Bunda au Suguti kilipata njia ya kufika barazani kwetu. Nyingine ziliamka, nyingi hazikuamka. Siku hizi macho ya mume wangu yamepungua nguvu, kulehemu nalehemu mimi, yeye anashika taa na kuniambia nisiharakishe.

Majuzi nilikuwa naosha bodi moja ya zamani sana kwa spiriti ya dukani. Chini yake nikaona waya mwembamba ambao haukuwa kwenye mchoro wowote. Uliruka kutoka chipu moja hadi nyingine, umelehemewa kwa mkono. Hakukuwa na dalili kwamba kuna fundi aliyewahi kuifungua. Ni huko huko kiwandani waligundua njia moja imesahaulika, na mtu akakaa chini akaiunga. Karibu na kiungo, kwenye vanishi iliyokauka, palikuwa na alama ya kidole.

Nilimpa mume wangu lenzi. Alitafuta kwa muda, nikimwelekeza, kushoto kidogo, hapo, mpaka akaiona.

"Ni kidogo," alisema. "Kidole cha mwanamke."

Alikishikilia kidole chake juu ya ile alama, bila kuigusa, na chai yetu ikapoa.