Maji ya Bluu

Fundi na mdogo wake walidarizi katika chumba kimoja, penye dirisha moja, na wakabishana tangu usichana mpaka mvi zikawaota. Fundi ndiye aliyekuwa mkubwa, na mambo yake yalikuwa yamenyooka. Pamba nyeupe, mishono michache aliyoimudu barabara, na nyuma ya kitambaa pawe safi kama mbele. Mdogo mtu, ambaye wote walimwita Chiriku kwa vile mdomo haukumkauka, alidarizi juu ya chochote kilichopita mbele yake: gunia, mguu wa suruali ya jinzi, hata chandarua kilichotoboka. Eti anataka kuona uzi wa sufu utasema nini juu ya chandarua. Fundi akamjibu kwamba uzi hausemi, anayesema kutwa kucha ni yeye.

Lakini ugomvi wao hasa ulikuwa kwenye kuchora. Fundi alichora maua yake kwa karatasi ya kaboni, alama inayong'ang'ania mpaka uifue mara kadhaa. Chiriku hakuwa na subira hiyo. Alikoroga bluu ya kufulia kwenye kifuniko cha chupa, akachovya njiti ya kiberiti na kuchora kwa mkono mtupu, huku anapiga soga. Fundi alimgombeza miaka nenda miaka rudi. Tone moja la maji, alimwambia, na kazi yako yote imekwenda. Chiriku alicheka tu, akachomeka sindano yake kifuani kwenye gauni, tabia nyingine iliyomkera dada yake kupita kiasi.

Kisha Chiriku akafa. Presha ilimwangusha mlangoni asubuhi, hata chai hajanywa, na hakuinuka tena. Jamani, chumba kile kilinyamaza. Fundi aliyekuwa akilalamika kila siku kwamba hapewi nafasi ya kusikia mawazo yake mwenyewe, sasa akawa anayasikia yote, na hakuna hata moja alilolitaka.

Msiba ulipokwisha, binti wa Chiriku alikuja na kitambaa cha meza cha kitani. Mama yake alikuwa akimdarizia, maana binti alikuwa anahamia nyumba yake mwenyewe. Mmea ulianzia pembeni ukatambaa hadi katikati, majani yake yameinuka kingo utadhani yako hai, kwa mshono ambao Fundi hakuwahi kuuona. Kutoka hapo hadi pembe ya pili palikuwa na mistari ya bluu tu. Sindano ilikuwa bado imechomekwa kwenye jani la mwisho, na uzi wa manjano ndani yake.

"Mama mkubwa, nimalizie," binti alisema. "Nikiingia kwangu nataka kazi ya mama iwe mezani."

Fundi aliahidi, na hakuwa mtu wa kuahidi ovyo.

Tatizo ni kwamba mshono wenyewe hakuujua. Akaushusha mfuko wa vipande vya Chiriku, ule aliouita jalala, akaanza kujaribu. Kwenye mahameli uzi ulizama. Kwenye jinzi ukakakamaa. Kwenye gunia ukalala upande, vizuri tu, ila kingo hazikuinuka. Akatia, akafumua, vidole vikaota sugu upya. Mwishowe akachukua kile kipande cha chandarua, kwa kukata tamaa tu. Hapo ndipo alipoona. Chandarua kinaonyesha mbele na nyuma kwa pamoja, na mle ulionekana uzi wa Chiriku ukipita nyuma, ukirudi, ukijikaba wenyewe kabla ya kutoka. Kumbe wazimu wote ule ulikuwa ni wa kutazama uzi unavyokwenda! Fundi akacheka kwa sauti na kugeuka kumwambia mdogo wake. Kiti kilikuwa kitupu. Akalia pale pale, kilio ambacho hata siku ya maziko hakukilia.

Mshono ulipomkaa mkononi, alikuwa tayari. Kitambaa kilikuwa kimeshikwashikwa na kila aliyekuja msibani, na yeye maishani mwake hajapata kutia sindano kwenye kitambaa kichafu. Akaichomoa ile sindano ya Chiriku kwa uangalifu mkubwa, isije ikaingia kutu. Akaiweka kando. Akajaza beseni, akakitumbukiza kitambaa, akakikamua taratibu kama afanyavyo siku zote.

Maji yakageuka bluu.

Alikitoa upesi, lakini upesi gani tena. Mmea wa Chiriku ulikuwa pale, mzuri kuliko mwanzo, na baada ya jani la mwisho kulikuwa na kitani cheupe kitupu. Na alijua! Hilo ndilo lililomkata maini. Hakuna duniani aliyeijua bluu ile kuliko yeye. Alikaa kando ya beseni mpaka maji yakatulia, akashindwa kuyamwaga.

Binti alipokuja hakumlaumu. Alikitazama kitambaa, akamshika mkono, akamwambia achore lolote, kwani yeye ndiye fundi na mshono ameshaujua.

"Mshono ninao," Fundi alisema. "Lakini mama yako alikuwa anaelekea wapi, mwanangu? Mimi nilikuwa nikimgombeza tu, sikuwahi kumuuliza."

Binti akakichukua kitambaa vile vile, nusu kina majani, nusu kitupu, akakitandika mezani kwake. Wageni humuuliza kitaisha lini.

Fundi bado anadarizi pale dirishani. Wateja wanapenda majani yake mapya, na siku hizi anachora kwa bluu ya kufulia. Ile sindano ya Chiriku, na uzi wake wa manjano unaotosha mishono michache tu, ameichomeka kifuani kwenye gauni. Hajaitumia.