Fundi Vioo Aliyejigonga Bila Kuchora Mstari

Mtaani kwetu tulimwita Mama Vioo. Duka aliachiwa na baba yake, pamoja na meza ndefu iliyotandikwa zulia kuukuu, na kwa miaka ishirini na miwili vioo vya madirisha yetu karibu vyote vilikatiwa juu ya zulia lile.

Siku moja yeye na mdogo wake wa kiume walikuwa wakinyanyua kioo kirefu cha kabati. Simu ya mdogo wake ikalia, naye akaachia mkono mmoja. Kioo kikamchana dada mtu kuanzia kiwiko hadi karibu na kiganja. Jeraha lilishonwa, likapona. Lakini tangu hapo, kila aliposhika kalamu ya kukatia kioo, mkono ulitetemeka. Alituambia ni baridi. Baridi gani, na sisi wateja tunajipepea kwa magazeti?

Fundi vioo asiye na mkono thabiti hana kazi. Mama Vioo akaanza kutafuta mtu wa kumpangisha duka.

Wifi yake, mke wa yule yule mdogo wake, ni muuguzi. Ili mkono utulie, alimfundisha kujigonga taratibu kwa ncha za vidole: ubavu wa kiganja, juu ya nyusi, chini ya jicho, chini ya mfupa wa mtulinga, karibu na shingo, huku akitaja kwa sauti kinachomuumiza. Mama Vioo alicheka, akauliza kama yeye ni tikiti maji la kukaguliwa. Hata hivyo alikubali. Wiki mbili nzima alijigonga kila asubuhi kabla ya kufungua duka, akisema hana kinyongo na mtu, amekwisha kusamehe. Mkono ukaendelea kutetemeka.

Hapa ndipo watu wema wengi hupotea. Tunaona aibu kuwa na hasira, basi tunaifunika na kuiita msamaha. Huo si wema. Ni uongo uliovaa nguo safi.

Asubuhi moja wifi yake alipita dukani, akamsikiliza hadi mwisho.

"Unagonga vizuri, wifi," alimwambia. "Ila unaongopa."

"Sasa nisemeje, na yule ni mumeo?"

"Ni mume wangu, si malaika. Simu ile mimi mwenyewe nilishatamani kuitumbukiza chooni."

Mama Vioo alicheka, kisha akatazama kioo kilicholala mezani. Kioo huchorwa mstari kwanza, ndipo hugongwa kwa chini, polepole, mpaka ufa utembee unakotakiwa. Ukigonga pasipo mstari, kinapasuka kitakavyo. Hilo alilijua tangu ana miaka kumi. Na wiki mbili alikuwa akijigonga bila kuchora chochote.

Akaanza upya. Alisema ana hasira na mdogo wake, ambaye hata pole hakuwahi kuitamka. Alilia, na wifi yake hakumkatiza. Vidole vilipofika chini ya mtulinga, sauti ilishuka.

"Na nina hasira na nafsi yangu pia. Simu ilikuwa inalia tangu asubuhi. Nilijua ataipokea. Nikamwambia nyanyua."

Sisemi kwamba vidole vina uganga. Ninachosema ni kwamba mwili hautulii wakati ulimi unaudanganya.

Kesho yake alimwita mdogo wake, akamweleza yote, kosa la mdogo na la mkubwa, bila kulipunguza hata moja. Mdogo wake hakujitetea. Alizima simu, akaiweka juu ya rafu.

"Nisamehe, dada. Nilikuwa naogopa hata kuutazama huo mkono."

Dada akashika kalamu. Mkono ulitetemeka kidogo, na safari hii hakusingizia baridi. Alisema wazi kwamba anaogopa, akajigonga ubavu wa kiganja, akasubiri. Ulipotulia alichora mstari mmoja mrefu, bila kusita, maana mstari wa kioo haurudiwi. Akagonga kwa chini. Ufa ukatembea umenyooka hadi ukingoni.

"Haya, nyanyua," alimwambia mdogo wake.

Mtu aliyekuja mchana ule kutazama duka la kupanga aliwakuta wote wawili mlangoni, wamebeba kioo. Mama Vioo alimwomba apishe njia.