Nilivyokwenda Kuposa Embu Kinyumenyume

Leo nacheka, lakini siku ile nilitamani ardhi ipasuke inimeze pamoja na kanzu yangu nyeupe. Ilikuwa wakati wa Emergency, ile hali ya hatari ya vita vya Mau Mau, nami nilikuwa mchinjaji hapa Meru, kijana mwenye akili nyingi mno (msiniulize zilienda wapi), nimenunua kigari kikuukuu kwa Mzungu aliyekuwa akirudi kwao, nikampakia mjomba wangu Bakari twende Embu akaniposee Zainabu, binti wa Mzee Ramadhani, mchinjaji wa huko. Pasi zetu za kusafiria zilikuwa za siku moja tu: tufike, tupewe jibu, turudi kabla ya kafyu ya usiku. Na jibu nililitaka, jamani. Nilimpenda yule msichana hadi nyama nilikuwa naikata vibaya.

Tulipofika Chuka, mjomba akaona pampu ya petroli mbele ya duka.

"Simama tujaze."

"Mjomba, nusu ya njia hii ni mteremko," nikamjibu kitaalamu. "Nitazima injini, tutateremka bure."

(Ukweli ni kwamba nilikuwa nimejigamba mbele ya mtaa wetu mzima wa Makutano kuwa gari langu linafika Embu bila kuongezwa hata tone.) Nikasahau kitu kidogo tu, kwamba kila mteremko wa huku unaishia mtoni, na ng'ambo ya mto kuna mlima.

Kwenye mlima wa mwisho kabla ya mji, gari likakohoa, likazima. Tangi lilikuwa chini ya kiti, petroli ilikuwa inateremka yenyewe hadi kwenye injini, na ile kidogo iliyobaki haikuweza kupanda. Basi nikafanya walivyofanya madereva wa vigari vya aina ile: nikaligeuza ili injini iwe chini ya tangi, nikapanda mlima kinyumenyume, shingo imepinda, mjomba amekumbatia kapu la zawadi huku akisoma kila dua anayoijua.

Huko juu kulikuwa na kizuizi cha homugadi, wale wenyeji waliopewa bunduki na serikali.

"Simama! Unatoroka unaenda wapi?"

"Sitoroki, afande, nakuja!"

"Unakuja namna gani na uso ya gari iko kule?"

Tukachuchumaa barabarani, mikono kichwani, sukari na leso za posa zimemwagwa chini, na wanawake waliokuwa wakitoka kuchimba handaki la kuzunguka kijiji kwa amri ya serikali wakasimama kututazama bure bila kiingilio. Pasi zetu zilikuwa sawa, ila haikuandikwa popote kwamba gari linaruhusiwa kutembea kinyumenyume. Ikabidi Mzee Ramadhani aitwe aseme kama anatujua. Akaja mbio na aproni yake ya buchani.

"Bakari namjua," akasema, kisha akanigeukia. "Huyu ndiye mposaji?"

Mjomba akaeleza yote, hata habari ya Chuka (ahsante sana, mjomba).

"Kijana," mzee akasema polepole, "pampu uliiona, ukaipita kwa sababu ya sifa. Binti yangu akiugua, utabisha kwa jirani uombe msaada, au napo utapita?"

Niliona aibu, na zaidi ya aibu niliumia, maana alikuwa amesema kweli. Tulirudi Meru kwa petroli aliyotuombea yeye mwenyewe.

Tangu siku hiyo niliapa kwamba nikiambiwa simama, nasimama, hata anayeniambia akiwa mtoto. Zainabu aliolewa na fundi cherehani wa palepale Embu. Bwana huyo hana hata baiskeli. Kila mahali huenda kwa miguu, na hufika.