Inchi Sita za Dzigbodi

"Tepu yangu haijawahi kumsingizia mtu, na haitaanza na wewe," Kosiwa alisema. "Gauni sikulikosea. Wewe ndiye uliyepungua."

"Inchi sita? Kwa miezi mitatu?" Dzigbodi alilishika gauni la kwaya kiunoni, likajaa mkononi. "Fundi ukiharibu kitambaa cha watu, sema umeharibu!"

"Simama nikupime tena. Na ukibana pumzi nakuona."

Thelathini na nane. Mwezi wa tisa ilikuwa arobaini na nne; imo daftarini, kwa mkono wa Kosiwa mwenyewe.

Nje, vumbi la harmatani, upepo mkavu wa jangwani, lilikuwa limeutumbukiza mji wa Ho kama kwenye bakuli la maziwa. Mlima haukuwapo. Watu walisikika ndala zao kwanza, kisha wakaja wenyewe, kisha wakayeyuka. Dukani magauni ya buluu yalining'inia kwenye waya, yakipumua polepole kila mlango ulipofunguliwa. Kosiwa alikuwa ameishi na nguo zisizo na watu miaka thelathini na moja, na siku kama hizo hakuwa na hakika kama watu huvaa nguo, au nguo ndizo huwashikilia watu wasipeperuke.

Shule aliishia darasa la sita. Hesabu iliyombakia ni ya viuno. Madaftari tisa, na mji mzima umo: nani ana mimba kabla mumewe hajajua, nani amenawiri tangu aachike. Namba ya mtu hakumwambia mwingine, na ukurasa hakuwahi kuchana.

"Kila mtu ananisifu," Dzigbodi alisema. "Wanasema nimerudi msichana. Roho inakuuma wewe tu."

"Hao wanaokusifu wana tepu? Unajinyima kula?"

"Nakula ugali wa akple mpaka natoka jasho."

"Basi inakwenda wapi?"

"Si sukari hiyo! Mwezi wa kumi hospitali waliniambia ninayo, wakanipa vidonge. Sukari inakondesha, nani asiyejua?"

"Umri wetu huu, miaka hamsini na nane, ndiyo inakuja leo? Na kwenu hakuna mwenye sukari. Mgongo je? Maana tangu uingie umeinama."

Dzigbodi akajinyoosha haraka, akakunja uso, akainama tena.

"Mama yako alikufa na nini?"

"Alirogwa, unajua. Macho yakawa manjano kama papai, akaisha mpaka tukambeba kama mtoto."

 Kosiwa akachomoa daftari la sita, akafungua ukurasa wa marehemu kaka yake Kobla, dereva wa lori, aliyevuta pakiti ya sigara kila siku. Kiuno cha suruali: thelathini na sita. Thelathini na nne. Thelathini na moja.

"Kila alipokuja nilimbania suruali," alisema. "Nikawa najisifu mshono hauonekani. Mara ya nne alikuja na macho ya manjano. Hospitali wakasema saratani ya kongosho. Nikauliza, kongosho ndiyo nini? Nesi akasema iko nyuma ya tumbo huko, haina kelele, na ikianza kulalamika mara nyingi umeshachelewa. Akanitajia yanayoileta saratani hiyo: sigara, unene, pombe ya miaka mingi, damu ya ukoo. Na sukari ikimjia mtu mzima ghafla, mwili ukayeyuka bila sababu, huyo asikae nyumbani. Si kila mwenye sukari ana saratani, alisema. Lakini akaangaliwe."

"Kwa hiyo unanitabiria kifo."

"Nakwambia silibani hilo gauni."

"Kosiwa! Jubilei ya kwaya ni Jumapili!"

"Imba na pini."

Kisha akafanya jambo lililomshangaza mwenyewe: akauchana ukurasa wa Dzigbodi, akaukunja ndani ya gauni. "Mpe daktari. Maneno matupu watakurudisha nayo nyumbani."

Dzigbodi akatoka bila kuaga. Ukungu ukamfunga nyuma yake kama pazia.

Jumapili aliimba. Pini zilimeta mgongoni, na kwaya ilipoyumba kushoto, gauni lilimfuata Dzigbodi kwa kuchelewa kidogo, kana kwamba limevaliwa na mtu mwingine aliyemo humo humo. Watu walisema amependeza. Kosiwa alipoteza maneno ya wimbo aliokuwa anaujua tangu utotoni.

Baada ya hapo kimya. Sokoni Dzigbodi alivuka upande wa pili. Mchana wa joto Kosiwa alisinzia juu ya cherehani, Kobla akamjia ndotoni ameshikilia suruali isimwanguke. Hakuwa na hasira. Alisimama tu, anangoja, na sindano ya Kosiwa haikuwa na tundu.

Mwezi wa nne mvua iliurudisha mlima mahali pake. Siku hiyo alfajiri, kabla duka halijafagiliwa, mtu alipiga hodi mlangoni: "Agoo!" Alikuwa Dzigbodi, mwembamba, amejishika tumbo lenye mshono.

"Daktari alitaka kuniongezea vidonge," alisema, bado amesimama. "Nikampa karatasi yako. Akaiangalia weee. Akaniuliza, nani ameandika hii? Nikasema, mchawi mmoja wa cherehani. Akanituma Accra nikapigwe picha."

"Wakaona nini?"

"Uvimbe, kwenye kichwa cha kongosho. Walisema haujatoka nyumbani kwake, haujasambaa, wakaukata. Sasa nawekewa dawa ya mshipani. Miaka hawakuniahidi, Kosiwa. Wenzangu wengi waliopo wodini walikuja wakati hakuna cha kukata."

Kosiwa akaweka ufagio chini. "Na hii alfajiri yote umefuata nini?"

"Mtu akitendewa jema, kesho yake asubuhi anakwenda kushukuru. Yangu imelala miezi minne. Niliona haya." Dzigbodi akakunja goti kidogo, kadiri mshono ulivyomruhusu. "Asante ya jana."

"Ya jana haikuwa kitu," Kosiwa akajibu, kama inavyojibiwa, akamsogezea kigoda.