Kiti cha Wafula

Juzi katika Chuo Kikuu cha Kibabii niliona wanafunzi wakiunda gari la mashindano la kiti kimoja, nikakumbuka alasiri moja ya utotoni nyumbani Kitale. Baba alikuwa akiunda la kwake ndani ya stoo ya mahindi iliyonuka petroli na rangi. Kiti alikuwa amekitengeneza kwa kipimo cha mwili wa kaka yangu Wafula, kabla kaka hajafariki. Nilimkuta Baba ameinama, akikiuliza kiti kitupu, "Sasa Wafula, mabega yanatosha?"

Nilidhani kaka amerudi. Nikapanda garini kumtafuta, sikumwona, nikaketi. Kiti kilikuwa na joto.

"Shuka, Nekesa," Baba alininong'oneza. "Si unaona kaka yako amekaa?"

Siku hizi najua uchungu wa kufiwa humfanya mtu aongee peke yake. Lile joto, mpaka leo, sijui lilitoka wapi.